Asubuhi Shangazi Alipodhani Ameachwa

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa katika kijiji kimoja upande wa Haneti, enzi za Mwingereza. Hakuwa mchungaji. Mchungaji alifika kwa baiskeli mara chache kwa mwaka, akabatiza, akatoa meza ya Bwana, akaondoka. Siku nyingine zote baba ndiye aliyegonga kipande cha reli kilichoning'inia nje ya kanisa, akawafundisha watoto kusoma, akazika wafu, kisha akashika jembe kama watu wengine.

Dada yake mkubwa alikuwa mjane asiye na mtoto. Aliishi peke yake katika tembe ndogo karibu na kanisa, mbali kidogo na nyumba nyingine. Shangazi hakujua kufanya jambo nusunusu. Akifagia uwanja, alifagia mpaka njia ya kisimani. Alipobatizwa alivua shanga zake zote siku ileile, hata zile alizovishwa na mama yake, wala hakuna aliyemwambia azivue.

Ilikuwa wakati wa vita, vijana wetu wamechukuliwa kwenda kupigana nchi ambazo hatukujua hata kuzitamka. Kiangazi kikielekea mwisho, akaja mhubiri kutoka upande wa reli, mtu mrefu mwenye sauti ya kilio. Alisimama mbele ya kanisa akasema vita hivyo ndiyo dalili, na kwamba mvua zinazokuja hazingekwisha kabla Bwana hajarudi kuchukua watu wake.

"Vyungu vitabaki mekoni vikichemka," alisema. "Nguo zitabaki chini, wenyewe hawapo. Aliye tayari hana haja ya mavuno."

Baba aliinama tu. Hakuona namna ya kumpinga hadharani, maana yeye mwenyewe alifundisha kwamba Bwana atarudi. Baadaye alituambia nyumbani kwamba siku yenyewe hakuna aijuaye, na kwamba sisi tutalima. Lakini wapo waliokwisha kuamini vingine, na wa kwanza alikuwa shangazi. Alitubu mbele ya kanisa zima, akataja hata maneno aliyomtukana jirani yake walipokuwa wasichana. Akatoa jembe lake akampa mtu. Akashona vazi jeupe la kitambaa cha marekani, akawa analivaa na kukaa nje ya tembe yake kila siku, ameoga, anaomba, anatazama mawinguni.

Mvua zikaanza. Mama alipomaliza kupanda shamba letu, aliingia katika shamba la shangazi bila kuomba ruhusa, akaanza kulima. Nilikuwa naye, nikidondosha mbegu za mtama kwenye mashimo. Shangazi akaja akasimama pembeni.

"Wifi, unamlimia mtu ambaye hatakuwapo."

"Usipokuwapo, watakula watakaobaki," mama alisema bila kuinua mgongo.

"Na wewe je? Bwana akikukuta umeshika jembe?"

"Akinikuta nalo nitaliweka chini nimfuate. Sidhani kama atanikasirikia kwa kulima."

Shangazi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mtu anayemwona ndugu yake akielekea kwenye shimo. Alimpenda sana mama. Nadhani kila siku alimwombea asiachwe.

Mtama ukakua, ukatoa masuke. Wakati huo mimi nikashikwa na homa. Alfajiri moja tarishi wa jumbe wa kijiji alipita mbio akipiga kelele kwamba nzige wametua mashamba ya bondeni, watu wote watoke na madebe ya kugonga. Kijiji kizima kilitimka kama kilivyolala. Mama aliniwekea uji kando ya kitanda, akaniambia nisitoke nje, akakimbia na baba. Kwa shangazi tarishi hakufika. Nyumba yake ilikuwa mbali, na kila mtu alidhani mwenzake amemwita.

Jua lilikuwa limepanda kidogo nilipoona mlango umezibwa na kitu cheupe. Alikuwa shangazi, pekupeku, vazi lake limejaa vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Haikuwahi kutokea nimwamkie shangazi asiitikie.

"Hata wewe?" alisema. "Mtoto mdogo kama wewe, ulifanya nini mpaka ukaachwa?"

Sikumwelewa. Kichwa kilikuwa kinaniuma, na maneno yalinifikia polepole. Alikaa chini kando ya kitanda changu.

"Nimepita nyumba zote," alisema. "Kwa jumbe mlango uko wazi, hakuna mtu. Kwa jirani yenu uji unafurika jikoni, hakuna mtu. Shuka ya baba yako nimeikuta njiani. Wote wameondoka. Hata yule mlevi wa kijiji. Hata mama yako aliyekuwa akilima."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, si kwa ajili yangu. "Shanga nilivua. Nilitubu mbele ya watu. Nilifunga. Jembe nilitoa. Nilikaa tayari, Bwana, nilikaa tayari." Halafu mkono ukamlegea, ukaanguka mapajani. Kisha akanivuta kifuani pake akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi, sina kitu. Tuhurumie tu, mimi na mtoto huyu."

Tulikaa hivyo. Moyo wake ulikuwa unapiga sikioni mwangu kwa nguvu, kisha ukatulia. Ndipo nilipopata nguvu ya kusema, "Shangazi, wamekwenda kufukuza nzige."

"Nzige?"

"Bondeni. Tarishi alipita alfajiri."

Nilidhani atacheka, au ataona aibu. Badala yake alinitazama huku machozi yakimtiririka. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu," akaitikia salamu yangu ya mwanzo. Akaninywesha uji mpaka ukaisha. Akauliza debe liko wapi, akamimina maji yake mtungini, akafunga lile vazi jeupe kiunoni, akatoka mbio.

Mama alisimulia kwamba walimwona akishuka mlimani anagonga debe, na wapo waliocheka hata katikati ya msiba ule. Hakuwajali. Aligonga mpaka jioni. Hata hivyo nzige walikula, shamba letu na lake, wakabakiza mabua.

Jioni hiyo alikaa na baba nje ya nyumba yetu, akamsimulia yaliyompata asubuhi. Nilikuwa ndani nikiwasikia.

"Pole, dada," baba alisema. "Wamekucheka."

"Wacha wacheke. Nilikuwa nimeshika vitu vingi nikidhani ndivyo vitakavyonipeleka. Leo asubuhi vilinitoka vyote mikononi. Nikabaki kumwita tu. Na sikiliza, ndugu yangu: kabla mtoto hajasema habari za nzige, hofu ilikuwa imekwisha kuniacha. Nilijua amenisikia, hata kama nimeachwa."

Baba akasema, "Kuamini ndiko huko, dada."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia kila Jumapili."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini.

Mwaka ule tulikula mlenda mkavu na muhogo wa kutoka mbali, na shangazi alikula nasi. Mvua zilikwisha, Bwana hakuwa amekuja, na yule mhubiri hatukumwona tena. Msimu uliofuata shangazi aliazima jembe, akalima, na bado aliendelea kungoja. Wanawake walipomuuliza kama Bwana anakuja, alisema anakuja. Walipomuuliza lini, alisema, "Mimi namngoja. Siku ni yake."

Baadhi ya wale walioacha kulima kama yeye waliona haya, wakaacha kuja kanisani. Shangazi aliwafuata nyumba kwa nyumba. Hakuwahubiria. Alikaa nao akipukuchua mahindi, akiwasimulia jinsi alivyokimbia kijiji kizima akilia kwa sababu ya nzige, nao wakacheka, na wakishacheka akawaeleza yaliyobaki. Wengi walirudi. Mmoja hakurudi kabisa, mwishowe akahama kijijini, na siku alipohama shangazi ndiye aliyembebea mtoto wake hadi barabarani.