Damu Ichukuliwe Homa Ikiwa Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa maabara, kitambaa cha kufutia lenzi, na onyo. Onyo lilitoka kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya huko Bariadi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini aliyekuwa hamalizi maneno bila kugonga meza kwa kalamu.

"Binti," aliniambia, "ukiandika kuna malaria na kumbe haipo, mgonjwa atameza klorokwini bure, atawashwa mwili siku mbili, basi. Lakini ukiandika hakuna, na kumbe ipo, anarudi nyumbani na neno lako. Hilo 'hakuna' ndilo zito. Usiliandike ukiwa na njaa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi vijana wa vipimo vya kubandika tone na kusubiri mstari utokee, hebu niwaeleze sisi tulivyofanya. Hadubini yetu haikutumia umeme. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha kugeuza kuelekea dirishani, ukakamata mwanga wa jua na kuupeleka kwenye slaidi, yaani kile kipande chembamba cha kioo kinachobeba damu. Unamchoma mgonjwa kidole, unaweka tone, unalisambaza duara, linakauka, unalimwagia rangi ya zambarau, unasubiri, unaosha. Hilo tuliliita tone nene. Kisha unainama, jicho moja kwenye hadubini, unatafuta. Siku ya mawingu mazito kazi ililala. Wagonjwa walinilaumu mimi, wakati mwenye mawingu ni Mungu.

Tulitafuta malaria zaidi ya yote. Ila mara chache ulikutana na kitu kingine, uzi mwembamba uliojisokota, kama ule unaofumuka kwenye sweta la mtumba. Huyo ndiye mdudu wa homa ya papasi. Papasi ni jamaa wa kupe, lakini hakai majanini kusubiri ng'ombe. Anakaa ndani, kwenye nyufa za sakafu ya udongo, karibu na kitanda na karibu na jiko. Anatoka watu wakilala, anakunywa damu, anarudi zake ufani, na anaweza kukaa miaka bila kula akiwa mzima. Asubuhi hujui umeumwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nasema na chini ya kitanda nako utazame.

Homa yake ina hila. Inapanda siku tatu nne, mgonjwa anatetemeka na kutapika, kisha inashuka yenyewe. Wiki ikipita inarudi. Miaka ile soko huria lilikuwa limeingia, duka la dawa limefunguliwa kila senta, na mtu alinunua vidonge bila kumwona mganga. Anameza klorokwini, homa inashuka kwa hila yake, sifa inapata klorokwini. Ikirudi, anasema malaria yangu ni sugu. Nimeyasikia hayo mpaka masikio yakaota sugu.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana bila hiyo haya yote ni mbwembwe.

Kaka yangu Shija aliishi kijijini Nkoma, mkulima wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao kugombea pamba, yeye akavuna vizuri, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati juu. Sakafu ilibaki ya udongo. Alisema saruji itakuja msimu ujao. Akamhamisha mama yetu kutoka kwenye msonge wa zamani, akaoa msichana wa Maswa mjini, Kabula, mcheshi na mwepesi wa kazi. Nilimpenda wifi yangu toka siku ya kwanza.

Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili ilipofika mwezi wa tano akashikwa na homa. Shija alimleta kwangu kwa baiskeli. Siku aliyofika alikuwa amepoa, anatabasamu, ananitania kwamba koti langu jeupe lina doa. Nikamchoma kidole, nikatazama slaidi kwa bidii yote, sikuona kitu. Nikaandika: hakuna. Siku tisa baadaye homa ilirudi, na ile mimba nayo ikatoka.

Mganga Mfawidhi aliniita. Alikuwa na daftari langu mkononi.

"Huyu alipochukuliwa damu, joto lilikuwa kiasi gani?"

"Alikuwa amepoa, mganga."

"Aliyepoa anachukuliwa damu ya nini?" Akagonga meza. "Wadudu wa papasi wanaonekana homa ikiwa juu. Ikishuka wanajificha. Wewe umepekua nyumba wakati mwizi yuko sokoni."

Nililia, sioni haya kusema. Sikuwa nimekosea kutazama. Nilikosea kuamini kwamba damu ya leo inasema ya jana. Na kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Kutoka Nkoma mpaka kituoni ni mbali, na mgonjwa mwenye homa hawezi kukaa kwenye keria ya baiskeli, basi watu wote walisubiri homa ishuke ndipo waanze safari. Tulikuwa tunapima wagonjwa katika siku zao za afya. Nani ajuaye ni mara ngapi niliandika hakuna namna hiyo.

Kabula akashika mimba ya tatu. Safari hii shangazi zetu walishaanza maneno: mwanamke huyu hana bahati, tumbo lake halishiki, arudishwe kwao Maswa. Shija alikuwa kimya, na mimi namjua kaka yangu, ukimya wake ni nusu ya kukubali. Nikamwambia Kabula, "Ukiona homa, usije. Tuma mtu."

Ujumbe ulinifikia asubuhi moja. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi nikiwa nimeshafunga kisanduku cha slaidi kwenye baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Nkoma. Kuchukua damu ikiwa moto."

"Maabara inamsubiri mgonjwa. Haimfuati."

"Basi nitaandika hakuna mpaka nistaafu."

Kalamu haikugonga meza. "Saa saba uwe umerudi," akasema. "Na vaa kofia."

Nilimkuta Kabula amejikunja juu ya ngozi ya ng'ombe, meno yanagongana. Nilimchoma kidole pale pale, nikatengeneza slaidi tatu, nikamwambia Shija afunge ng'ombe kwenye mkokoteni amlete taratibu nyuma yangu. Nikakanyaga baiskeli mpaka kituoni miguu ikawa si yangu. Jua lilikuwa kali, asante Mungu. Nilipoinama, sikuhitaji hata kutafuta. Walikuwa wamejaa, nyuzi kwa nyuzi, zinapita katikati ya chembe za damu.

Mkokoteni ulipofika, Mganga Mfawidhi alimchoma Kabula sindano ya penisilini kwa mkono wake. Alimwonya Shija mapema: "Atatetemeka kuliko sasa. Wadudu wakifa wengi kwa pamoja mwili unapambana. Usimtoe hapa." Na kweli, baada ya saa moja Kabula alitikisika hadi kitanda kikasogea. Shija alinishika mkono, akaniuliza, "Dada, mmempa nini?" Nilimjibu kwa ukali ili asione nami naogopa. Jioni joto likashuka. Muuguzi akaweka sikio kwenye tumbo, akainua kidole gumba. Mtoto alikuwapo.

Lakini kutibu ni nusu ya kazi. Akirudi kulala mahali palepale ataumwa tena. Nikambakiza Kabula kwangu kwenye nyumba ya watumishi, nikaenda Nkoma na Bwana Afya, ofisa aliyeshughulika na vyoo, visima na wadudu wa nyumbani. Tuliingia ndani na jembe na karai. Alichimba pembeni ya kitanda cha Kabula, akapepeta udongo, akaninyooshea: papasi saba, wa kijivu, wamejifanya wamekufa.

"Nyumba haina miaka mitatu," Bwana Afya akasema. "Miti mipya, bati jipya. Hawa wametoka wapi?"

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni akimenya karanga. Hakugeuka.

"Niliwahamisha mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia. Akaweka ungo chini, akaingia chumbani kwake, akatoka na kibati cha mafuta ya kujipaka kilichojaa udongo wa msonge wa zamani, papasi wakitambaa ndani yake.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "wewe ulizaliwa na hawa. Waliumwa nao mama yangu na bibi yangu, hatukuugua. Ulipokwenda shule ya bweni ukarudi likizo ukaanguka homa. Kwa nini? Kwa sababu uliacha kuumwa nao. Huyu mkwe ametoka nyumba ya saruji, mwili wake haujui kitu. Nilimwekea karibu na kitanda awazoee kabla hajabeba mimba. Kumbe mimba iliwahi."

Nikamwambia, "Mama, umeua wajukuu wako wawili."

Bwana Afya akatoka nje taratibu, mtu mwenye adabu.

Mama akanitazama. "Na ile karatasi uliyompa? Shija alinisomea. Iliandikwa hakuna. Ningejua kipo, ningewaacha pale?"

Nilikaa chini kwenye udongo uliochimbwa, naye akakaa. Nilimwonea uchungu na nilijionea uchungu. Halafu nikamwambia ukweli wote, maana mama yangu hakuwa mtu wa kudanganywa. Nilimwambia hakukosea kabisa. Anayeumwa nao kila siku mwili wake hujenga kinga, na akikaa mbali nao kinga inakwisha. "Tukiwaondoa," nikasema, "wewe mwenyewe siku utakayokwenda kulala Sapiwi kwa dada yako, utaugua. Lakini wewe kuna sindano. Aliye tumboni hana cha kumkinga, na hasubiri mwili wa mama yake uzoee."

"Kwa hiyo nitaugua mimi."

"Huenda ukaugua."

Akachukua kile kibati, akakiangalia, akakitia kwenye moto wa jiko na kifuniko chake. Akafunga kanga kiunoni. "Jembe liko wapi?" akauliza.

Shija alikuwa ameazima bomba la kupulizia pamba, anataka kunyunyizia dawa ya shambani chumbani. Wengi walifanya hivyo, na watoto wakazimia. Nilimnyang'anya. Tulifanya kwa vitu vya nyumbani. Tuliondoa udongo wa sakafu kina cha kiganja na kuuteketeza mbali. Tulimwaga maji yanayochemka kwenye kila ufa. Tukashindilia udongo wa kichuguu, tukapaka samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, na ukutani vilevile, na kila Jumamosi mama alipita na kidole kutafuta ufa mpya. Vitanda tukavipandisha miguu na kuvisogeza mbali na ukuta. Ngozi na blanketi zilianikwa juu ya mawe jua la saa sita. Mbuzi walitolewa ndani. Kuku waliruhusiwa kuingia mchana kudonoa, jioni wakafukuzwa wakalale bandani kwao. Majani ya utupa, yale wanayotwanga watu kulevya samaki, tuliyaloweka tukanyunyizia kwenye nyufa, mbali na vyombo na mbali na kisima. Kila wiki niliendesha baiskeli kwenda kuchimba na kupepeta. Wiki ya kwanza nilipata wawili. Ya pili mmoja. Ya tatu sikupata, nikachimba tena palepale, sikuwa na imani na neno hakuna.

Kabula alirudi sakafu ilipokauka. Alijifungua wakati wa kuvuna pamba, mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele. Shangazi walikuja na kuku mikononi, wakasema walijua tu.

Baadaye nilihamishiwa Maswa, nikawa chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya aliyependa ripoti kuliko watu, kisha nikarudishwa Bariadi kusimamia maabara ndogo za vijijini. Kila nilipokwenda niliacha kanuni moja ukutani kwa mwandiko wangu mbaya: damu ichukuliwe homa ikiwa moto. Niliwafundisha wahudumu wa vijiji kutengeneza slaidi kitandani kwa mgonjwa, kuikausha na kuituma. Wakubwa wengine walisema nasumbua. Nilisumbua kweli, na ningeanza upya leo ningesumbua zaidi.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, msichana mmoja wa maabara aliniuliza ni slaidi ipi sitaisahau. Alidhani nitamtajia ile ya Kabula.

Ni nyingine. Mwaka wa pili baada ya kuchimba ile sakafu, mama alikwenda kumuuguza dada yake Sapiwi, akalala kwenye msonge wake majuma mawili. Mchana mmoja nilisikia mkokoteni nje ya kituo. Mama alikuwa amelazwa juu ya magunia, macho mekundu, midomo imepasuka, anatetemeka kiasi kwamba maneno yalikuja vipande vipande. Dada yake alikuwa amembembeleza ameze klorokwini, asubiri apoe ndipo asafiri. Alikataa yote mawili. Alisafiri njia nzima juani homa ikiwa juu.

Nilipomshika, ngozi yake iliunguza kiganja. Nikasema, "Mama, kwa nini hukusubiri kidogo?"

Akanyoosha kidole kabla sijakiomba.

"Nimekuletea ikiwa moto," akasema. "Sasa andika vizuri."