Askari Wawili Mstari Mmoja

Kila majira ya baridi mzee mmoja Mjapani alikuja Doha kukaa na binti yake, na mimi nilikuwa dereva wa binti huyo. "Mzungushe baba," dada huyo aliniambia, "asishinde ndani akiongea na friji." Nikamzungusha: sokoni, ufukweni, hadi mashamba ya Umm Salal kuona nyanya zinavyokua mchangani. Alitazama kwa adabu tu. Alichotaka ni karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, na mtu wa kucheza naye.

Nilimuuliza alifanya kazi gani kwao. Akasema alikuwa mchezaji. Nikaangalia zile fimbo alizoziita miguu, nikauliza, "Wa mpira?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mchezaji wa shogi, mchezo wa Kijapani ulio binamu wa sataranji, na alilipwa kuucheza tangu ujanani hadi upara ulipomkuta.

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Nikataka kujua kazi hiyo mtu anaipataje. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza alinieleza kwamba unaingia chuo cha wachezaji ukiwa mtoto, unapanda ngazi kwa kuwaangusha wenzako, na kuna umri ukifika hujahitimu, unafungasha virago hata uwe mkali vipi. Yeye aliponea chupuchupu. Baada ya hapo ni ligi. Ukishinda unapanda daraja, ukishindwa unashuka, na ukishafika chini kabisa kinachofuata ni kustaafu.

"Uliwahi kuwa bingwa?"

"Niliwahi kumtoa bingwa jasho. Alijipepea mchana kutwa."

"Ukamshinda?"

"Nimesema jasho tu, Dereva-san."

Akanifundisha. Tulichezea kwenye mapokezi ya jengo letu Al Mansoura, Ijumaa alasiri, mbele ya meza ya mlinzi, Mganda mmoja mwenye maoni kuhusu kila kitu. Kete za shogi ni vipande vya mbao vilivyochongoka upande mmoja, vyenye maandishi yao. Hazina rangi ya timu. Ncha ikielekea kwako, ni adui. Ukimkamata adui hafi. Unamgeuza na kumweka kwenye nafasi wazi unayotaka, akupiganie wewe.

"Huyo kabadilisha kafili," mlinzi alisema, kama mfanyakazi mgeni anayehama mwajiri aliyemdhamini, na tangu siku hiyo hatukuliita tendo hilo kwa jina lingine.

Mwanzoni mzee aliondoa karibu jeshi lake lote, akabaki na mfalme na askari wa mbele, na bado akanichapa. Kila nilipoimarika alirudisha kete moja au mbili mahali pake. Ndiyo heshima yao: ukisifiwa, adui yako anaongezwa nguvu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni namna ya kushindwa. Kwetu tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na anayeshindwa hasemi kitu. Anavuruga vifuniko na kudai simu ilimchanganya. Kwao hakuna refa wa kukutangaza. Aliyezidiwa anainamisha kichwa na kusema mwenyewe, "Nimeshindwa." Kisha wote wawili wanabaki hapo hapo, wanazirudisha kete na kutafuta pamoja mchezo ulipoharibikia. Hata mshindi hanyanyuki.

Mzee alitaka kujua tunalisemaje neno hilo. Nikamfundisha, nikamwambia alifanyie mazoezi, maana kabla hajapanda ndege nitamlazimisha alitumie. Hilo nililitaka kuliko kitu chochote: kumshinda mara moja tu, japo akiwa na jeshi pungufu. Niliwahi kuanza ufundi magari, upishi, ukinyozi, hata ufugaji wa sungura. Vyote niliviacha katikati. Na wakati huo huo nilikuwa nimeanza kuulizia kazi Muscat kupitia jamaa mmoja wa huko.

Siku ya safari yake masanduku yalikuwa tayari kwenye buti. Tukawa na muda wa mchezo mmoja. Mzee aliondoa kete zake mbili kubwa, tukaanza. Sijawahi kucheza vile. Mfalme wake nilimsukuma hadi pembeni, mzee akaacha chai yake ipoe, akafungua upepeo wake wa kukunjwa na kujipepea.

"Anatoka jasho!" mlinzi akapiga meza. "Mmalize, ndugu yangu! Mmalize!"

Nikachukua askari niliyemkamata, nikamweka mbele ya mfalme. Pa!

Mzee alikunja upepeo. Nikasubiri neno. Badala yake akaendelea kutazama ubao, kisha akatazama dari. Nikafuata mstari ule kwa macho kuja upande wangu, na chini kabisa, ametulia kama mgeni aliyesahaulika, nikamwona askari wangu mwingine.

Sheria niliijua: askari wawili wa mtu mmoja hawakai mstari mmoja wa kwenda mbele. Ukiweka wa pili, umeshindwa papo hapo. Mkono wangu ulishainuka kwenda kuvuruga kete. Nikauweka gotini, nikainama.

"Nimeshindwa."

"Nini?" mlinzi akaruka. "Si ulikuwa unashinda wewe?"

Mzee aliangua kicheko, akanipa mkono kwa mikono yote miwili. Kumbe mchezo wake wa mwisho wa ligi, ule uliomstaafisha, aliupoteza hivyo hivyo. Alikuwa mbele, akaweka askari wa pili, televisheni ikionyesha. "Karibu," akaniambia. "Wakubwa tu ndio hupotea hapa."

Kisha akamwondoa askari yule, akaniashiria nichague upya. Nikachukua kete nyingine niliyoiteka, ile yenye nguvu wanayoiita dhahabu, nikaiweka pale pale. Mzee akatafuta njia ya mfalme kushoto, kulia, nyuma. Akainama, akatamka kwa Kiswahili safi, "Nimeshindwa."

"Umeshinda!" mlinzi akapiga kelele.

"Haihesabiki," nikasema.

"Haihesabiki kabisa," mzee akakubali, akinywa chai yake ya baridi kwa furaha. "Mwaka ujao naondoa kete moja tu."

Nilipotoka uwanja wa ndege nilimpigia yule jamaa wa Muscat nikamwambia atafute mtu mwingine. Mzee aliniachia ubao, na sasa nacheza na mlinzi. Anaendelea vizuri, ila akizidiwa bado anavuruga kete.