Rubisi ya Maji Yaliyochemshwa

Baba yangu, ambaye sisi kwa Kinyambo tulimwita Tata, alikuwa mpika pombe, na wala si mpika pombe wa kubahatisha. Rubisi yake, ile pombe ya ndizi ya kwetu, ilisifiwa kutoka Murongo hadi Kimuli. Kwa hiyo siku mshenga alipovuka mto na kutuambia kwamba upande wa mwanamume watakuja kunitolea posa lakini pombe yetu hawatainywa, nilimtazama Tata usoni nikaona harusi yangu inaondoka hivi hivi.

Asiyejua mambo ya kwetu atasema, kwani pombe ni nini? Wee! Ng'ombe wa mahari wanaweza kuingia zizini wote, mashangazi wakaimba mpaka sauti zikakauka, lakini wakwe wasipoinywa rubisi ya nyumba ya binti, binti hajatoka. Baba wa binti anaonja kwanza, mbele ya watu, kuonyesha kuwa hakuna sumu. Kisha kibuyu kinakwenda kwa mkubwa wa wageni. Akinywa, mmekuwa ndugu. Akikirudisha kimejaa, kila mtu ashike njia yake.

Na mimi nilimtaka yule kijana, jamani. Sitaki kuficha, umri huu nifiche nini? Alikuwa akivuka na mtumbwi kuja gulioni Murongo kuuza sabuni na chumvi, na akinipimia chumvi mkono wake unakuwa mzito kweli, kipimo kinafurika. Mama akaanza kushangaa mbona chumvi ya nyumbani haiishi.

"Kwa nini hawatakunywa?" Tata alimuuliza mshenga. Aliuliza taratibu, na Tata akizungumza taratibu ujue moto uko karibu.

Mshenga akajikuna kichwa. "Waitu, mzee wangu, si dharau. Mama wa kijana amezika mjukuu, mtoto wa binti yake. Kuhara damu. Ameapa hakuna tone la maji ya upande huu litakaloingia kinywani mwake wala mwa mtu wake."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na ugonjwa ule wa kuhara damu ulikuwa umetembea kila mahali. Sisi tulisema umetoka ng'ambo. Wao walisema umetoka kwetu. Na wote tulikuwa tunachota mto ule ule, wao ukingo wa kule, sisi ukingo wa huku, tunafua humo, tunaoga humo, ng'ombe wananywa humo, kisha kila upande unamnyooshea mwenzake kidole. Nikikumbuka nacheka, ila siku zile hakuna aliyecheka.

Bwana afya wa wilaya alikuwa akija siku za gulio na kipaza sauti chake, anapanda juu ya kreti ya soda, anapiga kelele: chimbeni vyoo, naweni mikono, chemsheni maji! Watu wanamsikiliza vizuri, wanampigia makofi, wanakwenda zao. Vyoo tulichimba, kwa sababu alikuwa akipita kukagua. Lakini kuchemsha maji ya kunywa? Thubutu! Kwetu maji yaliyochemshwa yalikuwa ya mgonjwa na ya mzazi. Mtu mzima mwenye afya ukimpa maji yaliyopita motoni anakuuliza, kwani nimekuwaje? Wazee walisema maji yakichemka yanakufa, hayana ladha tena. Na kuyatia kwenye rubisi ndiyo kabisa, maana pombe ni kitu kinachopumua, na maiti hawezi kupumua.

Basi mimi ndiye niliyesema. Mshenga alipokwisha ondoka nilimfuata Tata shambani, chini ya ndizi zake za pombe, nikapiga magoti. "Tata, kama anaogopa maji, tuyachemshe."

Alinitazama kama nimemwambia aolewe yeye. "Nipike maji? Mimi?"

"Nitapika mimi. Wewe utakanyaga ndizi tu."

Akaondoka zake. Kesho yake asubuhi nikamkuta uani anaviringisha sufuria kubwa la shaba, lile alilolipata zamani kwa kazi ya kibarua na ambalo hata mama hakuruhusiwa kuligusa bila kuomba. Akalitua juu ya mafiga. "Haya, mpika maji," akasema. Moyo wangu uliruka, lo! Nilikimbilia kuni bila hata kuvaa kandambili.

Ndizi zilikuwa zimeivia shimoni, zimelainika vizuri. Tata na wajomba wakaziingiza kwenye mtumbwi wa kukamulia, wakachanganya nyasi, wakakanyaga kwa miguu huku wanaimba, povu linapanda. Kwa kufuata mahubiri ya bwana afya, mama aliwasugua miguu kwa sabuni mpaka wajomba wakalalamika kuwa wanatayarishwa kuzikwa. Ikafika wakati wa maji. Mimi macho yamekuwa mekundu kwa moshi, maji yanatokota. Tata, kwa ile haraka yake, akachota yakiwa yanatokota vilevile akayamwaga kwenye juisi, na mtama uliokaangwa na kusagwa akautia humo humo. Akafunika kwa majani ya mgomba, akatulia.

Asubuhi ilipaswa iwe inachemka yenyewe, inanong'ona kama ilivyo kawaida ya rubisi. Tulifunua. Kimya. Tata akaonja, uso ukamwanguka. Ilikuwa tamu, nzito, uji wa watoto mtupu.

"Nilisema!" Tata akapiga kelele. "Maji yamekufa, yameniulia na pombe!"

Habari ilifika mbali kuliko mlio wa ngoma. Majirani walikuja kuitazama, wengine wameshika tama kama wamekuja msibani. Mzee mmoja aliuliza mazishi ni saa ngapi. Tata akaingia ndani akalala mchana kweupe, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mimi nilikaa kando ya mafiga nikalia kwa hasira. Wakwe wanakuja baada ya siku chache, ndizi zetu zimekwisha, na yule kijana wangu ataoa kwingine.

Mama alisimama juu yangu akiwa na mwiko. "Unalia nini? Mtama umemwagiwa maji ya moto, umeiva. Uji ulioiva unachacha siku hiyo hiyo? Uliona wapi? Baba yako ana haraka, na haraka haraka haina baraka. Maji yachemshwe, yafunikwe, yapoe mpaka yawe baridi kama ya mtungini. Halafu ndiyo aanze."

Hivyo tu! Nilicheka na machozi bado mashavuni. Lakini ndizi je? Hapo ndipo nilipowapenda majirani zangu, midomo yao yote nikaisamehe. Wale wale waliokuja kucheka wakaanza kuja na mikungu iliyoiva, huyu kichwani, yule kwenye baiskeli. Mzee wa mazishi alileta mikungu mizuri kuliko yote. "Nataka nione kama maiti atafufuka," akasema.

Safari hii maji niliyalinda kama mwanamwali. Nilichemsha, nikafunika kwa jani la mgomba lililooshwa, na Tata akikaribia namnyooshea kijiti: bado! Alinizunguka, anarudi, anachovya macho tu. Yalipopoa kabisa nikampa ruhusa. Asubuhi iliyofuata, kabla sijafika uani, nilisikia Tata anacheka peke yake. Nikakimbia. Rubisi ilikuwa inanong'ona, inatoa mapovu, inasukuma majani juu. Tata akanishika mabega akanitikisa. "Inapumua! Inapumua, mwanangu!" Tulirukaruka pale na baba yangu kama ndama.

Wakwe walivuka asubuhi ya Jumamosi, mitumbwi imejaa kanzu na vitenge. Mimi nilifungiwa chumbani na mashangazi, nimefunikwa kitenge kichwani, kwa sababu bibi harusi siku ile haonekani wala hasikiki. Lakini ukuta ulikuwa na ufa, namshukuru Mungu kwa ufa ule. Nikamwona mama wa kijana, mwanamke mrefu, mkavu, amefunga kitambaa cheusi. Salamu zilikwenda vizuri, buni za kutafuna zilipita, ng'ombe walisifiwa. Kisha Tata akachota rubisi, akaonja mbele ya wote, akafuta midomo, akapeleka kibuyu kwa yule mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wageni, kwa mikono miwili.

Akakipokea, lakini hakukipeleka kinywani.

"Mkwe wangu," akasema, "sumu siogopi. Huwezi kunialika kwako uniue. Mimi naogopa maji."

"Yamechemshwa," akasema Tata.

"Kila mtu sasa anasema amechemsha. Hata yule aliyempa maji mjukuu wangu alisema amechemsha."

Niliona kidole gumba chake kinapapasa mdomo wa kibuyu, na mkono ukaanza kushuka, unakwenda kukirudisha. Hapo akili zikaniruka. Nilipita katikati ya mashangazi, shangazi mmoja akabaki na kitenge changu mkononi, nikatoka uwanjani kichwa wazi.

"Nimechemsha mimi, mama! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii!"

Mama yangu alisema "Mawe!", yaani mama yangu wee, akajifunika uso. Bibi harusi anapayuka mbele ya wakwe! Nilipiga magoti pale pale, nasubiri kufukuzwa.

Yule mama akakitua kibuyu. "Lete mikono," akasema.

Nikampa. Mashangazi walikuwa wameipaka mafuta na kuisugua kwa jiwe, lakini masizi ya lile sufuria yalikuwa yameingia kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja, hayatoki. Na kifundo kimoja cha kidole kilikuwa na lengelenge la moto. Alivigeuza viganja vyangu, akageuza tena. Midomo yake ikacheza, sikujua kama ni kicheko au kilio. Kisha akainua kibuyu akanywa. Hakuonja, alikunywa, mpaka chini, na vigelegele vilivyopigwa naamini vilisikika ng'ambo. Mzee wa mazishi alicheza mpaka kofia ikaanguka.

Siku ya kunichukua, mama mkwe aliomba kitu kimoja zaidi. Aliomba sufuria. Tata alimeza mate. Akalitazama sufuria, akanitazama mimi, kisha akalibeba mwenyewe mpaka ukingoni, na nikavuka mto nimelipakata.

Kwa desturi bibi harusi siku za kwanza hafanyi kazi, anakaa ndani ananenepa. Mimi asubuhi ya kwanza mama mkwe alinitoa nje, akaita wanawake wote wa boma lake, akasema, "Tuonyeshe." Nikachemsha maji ya mto mbele yao, nikafunika, nikasubiri yapoe, nao wakasubiri nami. Nikatazama ng'ambo, nikauona moshi wa nyumbani kwetu unapanda kwenye migomba.

Yalipopoa, mama mkwe alichota kikombe cha kwanza yeye mwenyewe. Hakunywa. Alikwenda nacho nyuma ya nyumba, kwenye migomba, palipokuwa na kilima kidogo cha udongo, kimo cha mtoto, ambacho majani yalikuwa hayajaota vizuri. Akainama, akamimina polepole mpaka maji yakaisha.

Alirudi macho yamelowa, akachota cha pili. Binti yake alikuwa amekaa mkekani na kitoto chake, mdogo wake yule aliyezikwa, kimeanza tu kutambaa. Mama mkwe akachuchumaa akampa. Mtoto alikunywa kwa kelele, yakamwagika kidevuni, kisha akaushika mkono wa bibi yake akauvuta kuelekea kwenye sufuria, anataka tena.