Neno la Kuita Macho

Nilipokuwa msichana wa miaka saba hivi, pale mtaani Jamhuri, hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwetu bila "Tadaa!" Baba alilipata neno hilo kwa mfanya mazingaombwe kwenye uwanja wa maonyesho, na tangu siku hiyo hata mkate aliufunua kwenye gazeti kwa madaha: "Tadaa!" Nasi tukaupigia makofi, mkate uleule wa kila siku.

Kukhu, nyanya yangu aliyetoka Bungoma kumsaidia mama aliyekuwa amejifungua, hakucheka.

"Hiyo neno inasema nini?"

"Inasema 'oneni!', Kukhu."

"Basi ni neno ya kuita macho. Kwa mtoto mchanga usiseme, macho mengine hugonjesha."

Kabla ya huyu mtoto, Wekesa, mama alikuwa amezika watoto wawili. Nililijua hilo vizuri. Lakini asubuhi moja alikuwa mlangoni akiota jua na mtoto, majirani watatu wakapita wakitoka sokoni, na ulimi ukaniwasha. Nikavuta shali iliyomfunika. "Tadaa!" Wakasimama, wakastaajabia mashavu yake.

Jioni Wekesa akawaka homa, akakataa kunyonya. Mama akamkimbiza zahanati, akarudi na chupa ya dawa. Mimi nilishaamua kwamba nimemuua ndugu yangu.

"Wewe uliita, wewe utarudisha," Kukhu akaniambia asubuhi. "Enda uwaite wale walimwona, wamtemee mate ya baraka."

Nikaenda mlango kwa mlango nikilia, nikingoja kuchekwa. Mama Mutuku, Mkamba aliyekuwa akitusalimia kwa mbali tu, alijifunga leso. "Hata kwetu tunafanya hivyo. Twende, mama."

Wakaja wote watatu. Wakamtemea kifuani, mate mepesi kama manyunyu, huku wakimnong'oneza mema kila mmoja kwa lugha yake. Chumba kilijaa mwanga wa asubuhi na harufu ya maziwa. Hadi leo sina hakika kama haikuwa ndoto.

Siku ya tatu alinyonya. Kukhu akanipakatisha mtoto, amefunikwa. "Sasa sema ile neno yako. Lakini polepole, asikie yeye tu."

Kama ni dawa au ni mate, sijui, na nimeacha kuuliza. Najua tu kwamba baada ya hapo Mama Mutuku hakutusalimia tena kwa mbali. Aliingia bila hodi.

Wekesa ana mvi sasa. Neno lile sijalipigia kelele tena. Lakini kila anapotokea mlangoni kwangu, mimi hulisema moyoni.