Sehemu ya Tatu Inaanza na Kinanda

Papa alikuwa karani wa ofisi, na kupiga violoni alifundishwa seminarini, kabla ya kuacha mambo ya upadri. Mimi, binti yake, nilipiga kinanda katika parokia yetu ya Nyalukemba. Miezi mingi tulijifunza sonata moja ya Kizungu, ya violoni na kinanda, yenye sehemu tatu. Padri alituruhusu kuipiga Jumapili moja, baada ya komunyo.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole, na mwisho wake ilififia kabisa. Hapo tulitakiwa kunyamaza kidogo tu. Lakini kwetu, kinanda kikinyamaza baada ya komunyo, ni saa ya matangazo. Mukubwa wa kartie, yule wa serikali katika mtaa wetu, akasimama.

"Jumamosi iko salongo, kazi ya watu wote, ya kufyeka barabara. Kila mutu na jembe yake. Mwenye hatakuja, tutamuona!"

Kisha akaanzisha wimbo wa chama cha serikali, na watu wale wale waliokuwa wakipiga miayo wakaruka kupiga makofi.

Papa alibaki amesimama, violoni begani, akinitazama. Sehemu ya tatu inaanza na kinanda peke yake. Ilikuwa ni kuweka vidole tu. Nilimwogopa yule mukubwa, nikafunga kifuniko.

Papa aliirudisha violoni katika sanduku lake, na hakuitoa tena. Mpaka kufa kwake, kila Jumapili mezani, alirudia: "Mushenzi ule ndiye alituharibia."

Na mimi, nikimuongezea sombe katika sahani, nilimjibu: "Ndiyo, Papa. Ni yeye."