Maini ya Mama Mkwe

Mimba yangu ya kwanza ilinikatalia kila chakula isipokuwa maini. Mama mkwe aliposikia natapika hadi naishiwa nguvu, alipanda basi kutoka Kasansa akaja kukaa nasi Shanwe. Kila asubuhi alikwenda buchani mwenyewe, akachagua maini, akayakaanga kwa kitunguu, akaketi mbele yangu hadi sahani iishe.

"Kula, mwanangu. Mtoto anajengwa humo."

Kliniki, nesi aliponiuliza ninakula nini, nilimjibu kwa kujisifu. Akaweka kalamu chini.

"Maini kila siku?"

"Kila siku."

Akanieleza taratibu kwamba maini yana vitamini A nyingi mno. Mwili huigeuza kuwa kama ujumbe, unaoelekeza wapi uti wa mgongo wa mtoto uote, wapi mikono, wapi fuvu. Ikipungua, ujumbe haufiki; ikizidi, unafika hata pasipotakiwa. Na kazi hiyo hufanyika miezi ya mwanzo, ambayo mimi nilikuwa naimalizia.

"Sisemi mtoto ameharibika," alisema. "Wengi wanakula na wanajifungua salama. Nasema maini uyaache sasa. Kula matembele, kula viazi lishe. Vitamini A ya humo mwili unachukua kadiri unavyohitaji."

Nilirudi kwa miguu, nikapitia Majengo bila haja yoyote, nikageuza. Nyumbani nikafua nguo zilizokuwa safi. Nikakaa, nikasimama, nikatoka nje, nikaingia. Sahani ya jioni ilipowekwa mbele yangu sikuweza kuigusa, ikabidi nimwambie mama mkwe alichosema nesi.

Aliivuta sahani kwake. "Kwa hiyo nimemlisha mjukuu wangu sumu."

"Hapana mama, si sumu."

"Kwetu ng'ombe akichinjwa, maini ni ya wanaume. Mimba zangu zote sikuyaonja. Nikaapa mke wa mwanangu hatayakosa."

Tangu hapo tukawa wawili tusiotulia. Yeye alifagia ua alioufagia muda mfupi uliopita. Mimi nilimfuata nyuma nikijipapasa tumbo. Mume wangu alitusihi tupumzike, kisha akaanza kuwahi kazini kuliko kawaida yake.

Siku ya ultrasaundi mama mkwe aliingia pamoja nami. Daktari akatuonyesha uti wa mgongo, mweupe, umepangika kama shanga.

"Umenyooka?" mama mkwe akauliza.

"Umenyooka, bibi."

"Miguu je?"

"Yote miwili, hii hapa."

"Hebu rudi kwenye mgongo."

Daktari akarudi. Alikuwa mvumilivu, lakini pia mkweli: alisema kipimo hakionyeshi kila kitu. Neno hilo ndilo nililotembea nalo hadi uchungu uliponianza.

Akazaliwa mtoto wa kike, analia kwa hasira. Mkunga alimpitishia vidole mgongoni, akamtazama kaakaa, akamkunjua nyonga, akasema yuko sawa. Mama mkwe hakuridhika. Alimfungua kanga, akanyoosha mguu mmoja polepole, kisha wa pili, na mtoto akamtandika teke la kifua.

"Ana nguvu huyu!" alisema, anacheka na machozi yanamtoka.

Mimi sikucheka. Niliomba nipewe, nikamlaza mapajani na kuanza kumkagua upya, kidole kimoja kimoja, huku mkunga akiniambia nilale.