Kikohozi cha Ndolo

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, tisini na saba, ule wa mvua nyingi. Mashindano makubwa ya drafti yalikuwa yanakuja Machakos, na jirani yangu Ndolo akajitolea kupanga meza. Waandalizi wakamkubali, lakini kwa sharti: akifungua mdomo watu wakicheza, anatolewa nje. Na Ndolo hajawahi kutazama drafti bila kumfundisha mchezaji. Akafanya mazoezi ya kunyamaza nyumbani wiki tatu. Mkewe Mwelu akaniambia, "Mzee, heri hii mashindano ingekuwa kila mwezi."

Kwa fainali, Diriye muuza mbuzi alipeleka kidole kwa kete mbaya. Ndolo akakohoa. Diriye akasukuma nyingine, akala tatu, akashinda.

Nilimuuliza Ndolo tukirudi kwetu Mumbuni, na bado namuuliza mpaka leo: hicho kikohozi kilitoka kifuani, ama kilitoka kwa drafti?